Gazeti la Chini ya Godoro

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na msomaji akihisi anaijua, hayo ni yake na Mola wake, mimi sikumtajia. Inaitwa Jamhuri ya Kheri Tele. Ni nchi yenye bahati, maana ilipata Rais mmoja mzuri zamani na haikuona haja ya kutafuta mwingine. Wananchi wake wana furaha nyingi mno, hata Serikali ikalazimika kuunda Idara ya Utulivu wa Fikra, ili furaha hiyo isiwapande kichwani.

Pembezoni mwa mji mkuu, ukishapita kiwanda cha viberiti kilichofungwa siku ilipogundulika kwamba bidhaa zake zinaweza kuwaka, kuna Makao ya Mapumziko Stahiki ya Waliolitumikia Taifa bila Kunung'unika. Jina lilikuwa refu kuliko jengo, kwa hiyo wakazi waliyaita Pumzikoni. Hapo ndipo alipoishi Mzee Msabaha Ngwali, aliyesoma taarifa ya habari katika redio ya Taifa mpaka koo lake likastaafu kabla yake. Kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: sauti nzito ya kutangazia misiba, na tabia ya kutomwamini mtu. Ukimuuliza ameamkaje, hujiuliza kwanza umetumwa na nani.

Kila asubuhi baada ya uji wazee walikusanyika ukumbini, wakaketi kwenye viti vya chuma walivyotunukiwa na Serikali kuwa shukrani. Msabaha alifungua gazeti la Serikali, Kheri Leo, akawasomea kwa sauti ileile ya redioni, kwa kuwa wengi wao macho yalikuwa yameshaaga. Na palikuwa na desturi: hakuna habari iliyoachwa ipite hivi hivi bila kutiwa utani. Mwishoni wazee walipiga kura kwa kugonga vikombe, na aliyechekesha kuliko wote alikabidhiwa mto wa kukalia, mto pekee uliokuwamo Pumzikoni, aukalie mpaka kesho yake. Asiyewahi kukalia shukrani za Serikali kutwa nzima hawezi kuelewa jinsi mto ule ulivyogombewa.

Utani wenyewe ulikuwa na mipaka. Sheria ya Utani Salama iliruhusu mzaha juu ya hali ya hewa, mashemeji na nchi jirani. Basi mtu akitaka kumsema Waziri alianza kwa kusema, "Huko nchi jirani," na wote wakaelewa. Na Matroni Bahatika, msimamizi wa makao, mama mwenye moyo mwema na woga mwingi, alikimbia kufunga madirisha.

Bingwa wa mto alikuwa Bi Mwatima Kombo, mkunga mstaafu. Alikuwa amezalisha nusu ya Baraza la Mawaziri, na alishikilia kwamba wote walizaliwa wamekunja ngumi, kama watu walioshika kitu wasichotaka kukirudisha. Alikuwa rafiki mkubwa wa Msabaha, kadiri Msabaha alivyoweza kuruhusu neno hilo.

Ambaye hakuwahi kuukalia mto hata mara moja ni Mzee Ligola, bwana miti mstaafu. Ligola hakujua utani. Wenzake walipoangua kicheko, yeye alitazama huku na huku kuona ni nini kimeanguka. Alikuja barazani kwa jambo moja tu: habari za Daraja la Umoja. Daraja hilo lilikuwa likijengwa juu ya Mto Mbwembwe, na ng'ambo ya mto huo aliishi Mwajabu, binti yake wa pekee. Mitumbwi ilikuwa imepigwa marufuku zamani, kwa hoja kwamba mtu anayevuka kwa mtumbwi analikatia tamaa daraja. Kwa hiyo Ligola alisubiri. Gazeti likitaja daraja, aliinuka, akaenda chumbani, akalipiga brashi koti lake jeusi, akalivaa, akarudi kuketi akiwa tayari kwa safari.

Mambo yaliharibika siku Wizara ilipotangaza kwamba wazee wamekwisha kujua ya kutosha. Tangazo lilieleza kwa upole kwamba magazeti huwapandisha wazee presha, na kwamba Serikali sikivu, kwa kujali afya zao, haitawaletea tena. Matroni alilisoma huku akijifuta machozi kwa aproni.

Asubuhi iliyofuata nusu ya wazee hawakuja kunywa uji. Kwa nini mtu ajisumbue kuvaa viatu? Ligola alikuja, akakaa kitini pake, akamtazama Msabaha.

"Daraja je?"

"Hakuna gazeti, mzee mwenzangu."

"Sawa," alisema Ligola. "Lakini daraja je?"

Msabaha alirudi chumbani kwake. Aliinua godoro kutafuta miwani aliyoipoteza, na hapo akakiona alichokuwa akikilalia siku zote: magazeti, tabaka juu ya tabaka, yaliyotandikwa juu ya chaga ili misumari isitoboe godoro. Yalikuwa Kheri Leo tupu, mengine ya miaka kumi na miwili nyuma. Akachomoa moja, akakunjia ndani ile sehemu ya juu yenye tarehe, akarudi ukumbini.

"Gazeti limepatikana," alitangaza. "Msiniulize wapi."

Hakuna aliyeuliza. Kheri Tele ni nchi ya watu wenye adabu. Ukiwaambia wasiulize, wanakushukuru. Matroni akawagongea milango waliolala, wakaja na ndara zao, na Msabaha akasoma. Waziri wa Maji amewaomba wananchi wavumilie siku chache. Bei ya sukari inatarajiwa kushuka. Wezi wa transfoma bado wanasakwa. Mama mmoja wa Kilimahewa amejifungua mapacha watatu. Nchi jirani inatuonea wivu. Wazee walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaguna palepale walipozoea kuguna. Bi Mwatima akasema kwamba huko nchi jirani maji hayatoki bombani kwa kuogopa kuulizwa kitambulisho, akagongewa vikombe, akachukua mto. Daraja la Umoja, gazeti likamalizia, limefikia asilimia tisini. Ligola akaenda kuvaa koti.

Ikawa hivyo kila siku, na jambo lililomfurahisha Msabaha ndilo lililoanza kumnyima raha. Mbona hawagundui? Watu wazima, waliosoma, walioongoza idara, wanasomewa habari ambazo chumvi yake imekwisha na wanalamba vidole! Au wamegundua, wakanyamaza? Na anayenyamaza, ananyamaza kwa faida ya nani? Kisha palikuwa na jambo baya zaidi. Magazeti hayakuwa yakipungua. Alichomoa kila siku, na godoro halikushuka hata kidogo. Mengine yalikuwa na madoa ya mafuta ambayo hakuyakumbuka.

"Kuna mtu anaingia chumbani kwangu," alijisemea. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akanyunyiza poda ya mtoto mlangoni ili amnase mgeni huyo kwa nyayo zake. Alipoamka alikuta nyayo kweli, akazifuata mpaka zikamfikisha kitandani kwake mwenyewe. Hata hivyo hakutosheka kwamba zilikuwa zake.

Siku moja mkono wake ulichomoa gazeti lenye hotuba ya Rais, ukurasa mzima, pamoja na picha ya Rais akiuonyesha Mto Mbwembwe kwa kidole, kana kwamba umekosea njia. Kheri Leo huandika kila kitokacho kinywani mwa Rais, na humo mlikuwamo makofi yote na kikohozi kimoja. Msabaha aliisoma kwa heshima zote.

"Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani. Daraja hili si zege na nondo tu. Ni mikono miwili iliyonyooshwa, mmoja kutoka huku na mwingine kutoka kule. Limefikia asilimia tisini. Kilichobaki ni katikati tu."

Ilikuwa hotuba tamu, nao waliirudiarudia wiki nzima. Mtu akiulizwa kama ameshiba alijibu, "Kilichobaki ni katikati tu." Hata mpishi aliisema alipounguza wali.

Jumamosi, Matroni aliwasha redio kwa sauti ya juu, kwa kuwa Rais alikuwa akihutubia moja kwa moja kutoka kingo za Mto Mbwembwe, na kutosikiliza kulikuwa kosa. Sauti ya Rais ikajaza ukumbi.

"Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani."

Wazee wakatazamana.

"Hii si ameshaisema?" aliuliza mmoja wao.

"Daraja hili si zege na nondo tu," alisema Rais.

"Ni mikono miwili iliyonyooshwa!" wazee wakamalizia kwa pamoja, kama watoto wa chekechea.

"Sasa atakohoa," alisema Bi Mwatima, "halafu atuletee kisa cha kobe na sungura."

Rais akakohoa. Kobe akaja, na sungura nyuma yake. Wazee walicheka mpaka mmoja akatema meno yake ya bandia kwenye kikombe cha jirani. Matroni Bahatika alifunga madirisha yote, kisha akafunga na makabati. Msabaha peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima kwenye chuma chake, kwa sababu yeye peke yake, kama alivyodhani, ndiye aliyejua kilichotokea. Na alijua pia kwamba katika Kheri Tele jambo la kuchekesha kiasi kile haliachwi bila kuandikiwa faili.

Hakukosea. Wiki haikuisha akaja mtu mwenye miwani myeusi, tochi mkononi na viatu vinavyong'aa kupita kazi aliyoitaja.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Naitwa Bwana Fikirini. Nimekuja kukagua mbu."

Akamulika chini ya vitanda mchana kweupe. Akamulika masikio ya wazee wawili. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza lisilo na maana, kama humo ndani pana mbu yeyote mwenye mazoea ya kujua mambo kabla hayajatokea.

"Mbu wa hapa hujua tu mambo yaliyopita," alijibu Bi Mwatima. "Hushiba ndipo wakaimba."

Fikirini aliandika jibu hilo, akaomba kiti, akakaa nyuma ya tangi la maji kutwa nzima. Asubuhi ya pili akarudi, na ya tatu. Baraza likapooza. Utani ulibaki wa hali ya hewa peke yake, nao ulisemwa kwa tahadhari, asije mtu akadhaniwa anailaumu mvua kwa kuchelewa. Kila mzee alianza kumtazama mwenzake pembeni ya jicho. Nani amepeleka maneno?

Msabaha alilijua jibu, au moyo wake ulimwambia analijua. Mara mbili alikuwa amemwona Bi Mwatima langoni akinong'ona na muuza maandazi, akipokea kitu na kukificha ndani ya kanga. Akamvizia kwenye ujia.

"Bi Mwatima, jana langoni ulikuwa na nani?"

"Na muuza maandazi."

"Meno huna. Maandazi ya nini?"

"Naloweka kwenye chai. Tangu lini umekuwa polisi?"

"Tangu polisi walipoanza kukagua mbu."

Bi Mwatima alimtazama muda mrefu, na uso wake, ambao siku zote ulikuwa na kicheko mahali fulani, ukawa mtupu.

"Msabaha, mimi nimeingia vyumba vya watu wakiwa katika hali wasiyotaka kuonwa na yeyote. Sijatoka na neno hata siku moja. Leo mimi ndiye mchongezi?"

Siku hiyo vikombe viligongwa kwa ajili ya Bi Mwatima kama kawaida, lakini Msabaha, aliyekuwa mwamuzi, alidai kwamba amesikia vingine, akampa mto mzee mmoja aliyekuwa amelala. Bi Mwatima hakubisha. Alikiburura kiti chake cha chuma mpaka mwisho wa ukumbi, na mlio wa kile kiti sakafuni ulimchoma Msabaha kuliko tusi. Alijiona mwovu, akajiambia kwamba kujiona mwovu ndivyo wachongezi wanavyotaka ujione.

Hatimaye Fikirini alivua miwani, akaja na wenzake wawili wa Idara ya Utulivu wa Fikra, bendera na kengele. Wazee wakaketishwa mstari mmoja. Kengele ikalia, ingawa wote walikuwa kimya.

"Wazee wangu, hazina ya Taifa," alianza Fikirini. "Serikali inawapenda, na ndiyo sababu inawashuku. Mtu usiyempenda, utajisumbua kumshuku wa nini? Kikao hiki ni Kikao cha Dharura cha Kubaini Chanzo. Hotuba ya Mheshimiwa Rais ni siri ya dola mpaka Mheshimiwa anapofungua kinywa. Lakini humu ndani hotuba hiyo ilisomwa, ikarudiwa, na ikatumika kumjibu anayeuliza kama mtu ameshiba, kabla Mheshimiwa hajaitoa! Sasa mnisikilize. Ama mwizi wa siri hii ajitaje, ama makao haya yafungwe leo hii, na kila mmoja wenu ahamishiwe wilaya ambayo hana ndugu wala jamaa."

Matroni alianza kulia bila sauti, kwa uzoefu.

Msabaha aliyatazama mashaka yake pande zote mbili. Akinyamaza, Pumzikoni inakufa, na wenzake wanatawanywa wakafie ugenini. Akisema ukweli, atakuwa amesema kwamba Rais aliitoa hotuba ile miaka kumi na miwili iliyopita, na hilo lilikuwa Kosa la Kukumbuka Hadharani, ambalo adhabu yake ilikuwa kubwa kuliko ya wizi. Mwizi huiba kilichopo. Anayekumbuka huiba hata kilichokwisha kusahauliwa.

Lakini hata hapo, ndivyo alivyokuwa, jambo lililomkereketa zaidi ni jingine.

"Kabla ya yote," alisema kwa sauti ya taarifa ya habari, macho yakiwa kwa Bi Mwatima, "tuambiwe ni nani aliyewapelekea maneno."

Mkono ukainuka. Haukuwa wa Bi Mwatima. Ulikuwa ndani ya koti jeusi.

"Mimi," alisema Mzee Ligola.

Akasimama taratibu. Alieleza bila haya, kwa sababu hakujua kama pana haya. Siku ile hotuba iliposomwa alikwenda langoni kwa askari wa zamu, akamwomba amtafutie nafasi katika gari lolote la Serikali liendalo mtoni.

"Nikamwambia Rais amesema kilichobaki ni katikati tu. Nikamwambia, mimi bwana miti, hapo katikati mniwekee gogo, nitapita. Miguu bado ninayo. Binti yangu yuko ng'ambo. Yule kijana akaniuliza Rais kasema lini, nikamwimbia hotuba yote. Akaiandika vizuri sana. Nilidhani ananiandikia safari."

Msabaha alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Hakumtazama Bi Mwatima, wala Bi Mwatima hakumtazama. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na lile gazeti, akaikunjua ile sehemu ya juu aliyoikunja, akaliweka mezani mbele ya bendera.

"Siri yenu hii hapa," alisema. "Nilikuwa nailalia."

Fikirini alilisoma. Akairudia tarehe, akaifuta kwa kidole kuona kama inatoka.

"Hili ni la miaka kumi na miwili iliyopita."

"Ndiyo."

"Hotuba ni ileile."

"Ndiyo."

"Na kikohozi?"

"Na kikohozi."

"Mzee," alisema Fikirini, na sauti yake ilikuwa imekonda, "unataka kusema kwamba Mheshimiwa Rais amerudia?"

"Mimi sijasema kitu. Tangu ujana wangu kazi yangu ni kusoma nilichopewa. Sema wewe."

Fikirini aliwatazama wenzake, nao wakaitazama bendera. Wakainamiana, wakanong'ona, wakafungua kitabu cha sheria na kukifunga upesi kama watu waliofungua choo chenye mtu. Mwisho kengele ikalia.

"Kikao kimebaini," alitangaza Fikirini, rangi ikimrudia usoni, "kwamba gazeti hili halikuchapishwa zamani. Lilichapishwa mapema. Kuna watu wasio waaminifu katika kiwanda cha uchapaji walioyavujisha maneno ya Mheshimiwa kabla ya wakati wake, na watasakwa. Kwa hiyo magazeti yote ya namna hii ni siri za Serikali za siku zijazo. Yatakusanywa leo hii pamoja na magodoro yaliyoyagusa. Ni marufuku kwa raia yeyote kulalia mustakabali wa Taifa."

Wakapita chumba kwa chumba. Walipoinua godoro la Msabaha, Bi Mwatima alikuja akasimama mlangoni, akanyoosha kidole kwenye karatasi zenye madoa.

"Yale yenye mafuta ni yangu," alisema. "Yale ya kufungia maandazi. Yule muuza maandazi alikuwa ananiwekea."

Msabaha alimtumbulia macho.

"Siku ya kwanza uliposoma mapacha wa Kilimahewa nilijua," aliendelea Bi Mwatima. "Niliwazalisha mwenyewe. Sasa hivi wamebalehe. Nikaona magazeti yako yatakuishia, ndipo nikawa naingia ukienda kuoga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesoma tena?"

Kati ya watu wote ambao Msabaha aliwahi kuwashuku maishani, hakuna aliyedhulumiwa naye kama mama huyu.

"Nisamehe, Bi Mwatima."

"Nikipata godoro nitafikiri," alijibu, lakini kicheko kilikuwa kimeanza kurudi mahali pake.

Ila hapo nyuma yao alikuwa amesimama Ligola, na alikuwa amesikia yote.

"Miaka kumi na miwili?" aliuliza.

Ligola alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa ukumbini, mbali na chumba chake, akaenda kulala juu ya chaga tupu akiutazama ukuta. Asubuhi hakuja kunywa uji. Wala asubuhi ya pili. Matroni alimpelekea bakuli na kulirudisha limejaa. Bi Mwatima alikaa naye, akampima mapigo ya mkono, akatoka bila utani wowote, na hilo liliwatisha wazee kuliko kikao chote.

Wakati huohuo Serikali sikivu ilikuwa imetafakari, ikagundua kwamba wazee wasiopewa gazeti ni hatari kwa usalama, kwa kuwa hujitafutia. Likaletwa Kheri Leo jipya, bado lina joto la mtambo, tarehe ikiwa imepigwa kwa wino mwekundu ili ubishi usiwepo. Msabaha alilichukua moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Ligola.

"Mzee mwenzangu, amka. Gazeti la leo."

"La leo ipi?" aliuliza Ligola bila kugeuka.

Msabaha alisimama pale. Alikuwa na sauti ya kutangazia kila jambo, lakini kwa hili hakuwa nayo.

"Nilikudanganya," alisema mwisho. "Niliona wenzetu hawaji, nikaogopa nawe hutakuja. Sasa nakuomba uje hata kama hutaki kusikia kitu. Njoo ukae tu."

Miguu ya Ligola ikatafuta ndara sakafuni. Alikuja bila koti, akakaa mwisho wa mstari, akauacha uji upoe.

Msabaha akasoma. Waziri wa Maji aliomba subira ya siku chache. Sukari ilikuwa inatarajiwa kushuka. Wezi wa transfoma walikuwa wanasakwa. Alipofika chini ya ukurasa aliona neno daraja, na Bi Mwatima, aliyeuona uso wake, akamkonyeza aruke. Akafunua ukurasa.

"Umeruka," alisema Ligola.

"Nimeruka nini?"

"Soma daraja, Msabaha."

Msabaha alisafisha koo. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma kwa sauti ndogo ambayo redio ya Taifa isingeikubali.

"Ujenzi wa Daraja la Umoja, kufuatia vipimo vipya vya kitaalamu, sasa umefikia asilimia themanini na nane."

Hakuna aliyeguna. Matroni alisahau kukimbilia madirisha. Ligola alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, akakunja kimoja, akakikunjua, akakunja tena. Tisini. Themanini na nane.

"Huko nchi jirani," alisema polepole, na wote wakageuka, maana hakuwahi kuanza hivyo tangu aje, "daraja linarudi nyuma."

Wakasubiri.

"Mimi nahangaika kulifuata, kumbe lenyewe linakuja. Nitulie tu. Kwa mwendo huu litanifikia hapahapa kitandani."

Bi Mwatima akapasuka kwa kicheko, na wote wakamfuata, wakacheka kwa machozi, wakipiga mapaja na kushikana mabega. Ligola alitazama huku na huku kuona ni nini kimeanguka. Safari hii aling'amua kwamba ni utani wake. Na hapo, nyuma ya tangi la maji, pakasikika kicheko ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao, kirefu, cha mtu ambaye pengine naye ana ndugu ng'ambo ya mto. Wazee wakanyamaza ghafla.

"Endeleeni, wazee wangu," ilisema sauti ya Fikirini kutoka huko nje. "Ni mbu tu."

Vikombe vikagongwa, na hapakuwa na haja ya mwamuzi. Bi Mwatima aliuchukua mto, akaukung'uta vumbi, akaupeleka mpaka mwisho wa mstari kwa mikono miwili. Ligola aliupokea, akaugeuzageuza, akaukalia kwa uangalifu.

"Mwajabu angeicheka sana hii," alisema.

Msabaha alifungua ukurasa wa michezo, akaendelea kusoma.